Karatasi Iliyofunika Kinywa

Mjukuu wangu Neema,

Bwana asifiwe. Hapa Uvira tuko wazima, mama yako anakusalimia.

Umeniuliza: katika masomo ya chuo mnayoandaa ili kila mtu ayapate bure, umfikirie nani kwanza? Naona haya kukujibu. Mwaka ule mmoja niliosoma chuo, silabusi, zile karatasi za masomo, ilikuwa moja tu darasani. Mimi niliisoma kwa sauti, wenzangu wakaandika. Furaha wa Katogota, aliyesikia kwa shida, akaniomba: «Kaka, shusha karatasi kidogo, nione kinywa chako.»

Nikamjibu: «Weye umekuja kusoma ao kuniangalia?» Wote wakacheka. Hakuomba tena. Alishindwa mtihani, akarudi kulima.

Umfikirie yeye kwanza. Mungu nimemwomba msamaha. Furaha bado sijamwomba; nikifika Katogota nazunguka nisipite mlangoni kwake.

Uniombee.
Babu yako