Hongera Mama, Uko Mzima

14 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko? Unalala, unakula? Tumesikia umehamishiwa wodi ya wagonjwa wa korona. Kila anayekuja kununua mkate ananiuliza habari zako, ananiambia anakuombea, halafu anasogea nyuma kidogo, kana kwamba uuguzi wako umenipata mimi.

Mimi ni mzima nusunusu. Naandika kwa sababu kwenye simu utaanza kunihoji kama mgonjwa wako. Tangu mwanzo wa mwaka naona damu nikienda chooni. Tumbo linanisokota. Nguo zinanipwaya, na shoga yangu msusi ananisifu eti nimerudi usichana.

Nilikwenda kituo cha afya. Getini wameweka meza, ndoo ya maji na mlinzi.

"Una kikohozi?"

"Sina."

"Homa?"

"Sina."

"Sasa umefuata nini hapa?"

Foleni yote ikanitazama. Nikainama nimnong'oneze. Akaruka nyuma, akajibu kwa sauti ya mnadani: "Mama, mambo ya choo kwa sasa hatuhudumii. Piga namba hiyo ukutani."

Nikapiga. Daktari akaniambia ni bawasiri, ninywe maji, nile mboga, nitafute dawa ya kupaka. Hakuniuliza umri, hakuniuliza imeanza lini. Na alikuwa anatafuna. Mdogo wangu, damu yangu mwenyewe haijanitia kinyaa kama kule kutafuna.

Wewe unasemaje?

Dada yako

*

2 Mei

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana viti vya hapa tumevigeuza vitanda. Mimi ni mzima, uso tu umechubuka kwa barakoa.

Nisikilize. Hakuna binadamu anayejua bawasiri kwa kusikia simu. Damu, kusokotwa na kukonda, vyote pamoja, lazima uangaliwe kwa mkono na kwa kipimo. Inaweza isiwe kitu. Inaweza kuwa saratani ya utumbo, na hiyo ikiwahiwa inakatwa na mtu anarudi kuoka mikate yake. Rudi. Sema hivi: "Nataka rufaa ya kipimo cha utumbo mpana." Usinong'one.

Usiwachukie sana wale wa getini. Wameogopa, na sisi huku tumezidiwa. Kile chumba chetu cha kipimo hicho kimejaa maboksi ya glovu mpaka darini, na daktari wake yuko nami wodini anageuza wagonjwa kifudifudi wapate pumzi. Lakini nenda, dada.

Mdogo wako

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na huo uso, upake mafuta. Mimi naendelea.

Nimekwenda tena, nikasema maneno yako vilevile, bila kunong'ona. Mlinzi akasema rufaa zimesimama. Nikarudi. Shoga yangu msusi akaniambia, "Wewe mshamba. Wanataka kikohozi, wape kikohozi." Basi juzi nikafika getini nikakohoa kama trekta bovu.

Mlango ulifunguka, ndugu yangu. Nikaitwa mama, nikapewa kiti. Wakanipeleka kwenye hema la kupimia korona, wakanichokoa pua mpaka machozi. Nikamwambia muuguzi wa pale, "Mwanangu, pua yangu haina neno. Ninatoka damu huku nyuma, tena sasa imekuwa nyeusi." Akanijibu, "Hapa ni pua tu, mama." Kesho yake nikapata ujumbe wa simu: Hongera mama, uko mzima.

Nimeusoma nikaenda kutapika. Sijui lilikuwa tumbo au ilikuwa ile hongera.

Usiniambie tena wameogopa. Kwa mwenye duka la vifaa hawakuogopa. Amepitishwa mlango wa nyuma akapimwa presha yake, akatoka anachokonoa meno.

Nimechoka kwenda. Watu wananitazama kama niliyekwenda kuomba.

Dada yako

*

11 Julai

Shikamoo dada,

Hujambo? Sijapata barua na simu yako haipatikani. Nimempigia msusi, anasema unauza mkate umekaa, kazi ya kusimama hutaki tena. Wewe, umekaa?

Nimepiga simu kituoni kwenu, nikajitambulisha kuwa ni muuguzi. Wakanipa mganga mkuu wa kituo. Akaniambia takwimu zao ni nzuri, wagonjwa wamepungua sana mwaka huu. Nikamwambia, hawajapungua, mmewafungia nje. Akakata.

Barua ile niliyokuandikia kwamba wameogopa, ifute. Wiki hii wameanza kufika kwetu wale waliorudishwa majumbani. Juzi ameletwa mama mmoja, mwalimu, titi lake limeoza limefungwa kwa kanga tano. Harufu ilifika kabla yake. Alikuwa na kiuvimbe kidogo kama harage, akaambiwa asubiri janga lipite. Aliniomba radhi kwa harufu, dada. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Nilitoka nje nikamkuta msimamizi wetu anapanga wauguzi wapigwe picha ya magazeti, tunyooshe vidole gumba. Sikunyoosha.

Panda chochote uje huku. Nitakupokea getini mwenyewe.

Mdogo wako

*

20 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Uzima siuulizi na usiniulize.

Sikuweza kuja. Wiki ile ile barua yako ilipofika tumbo lilifunga kabisa, likavimba kama unga uliosahauliwa. Msusi na mumewe walinibeba kwenye kigari cha mikate hadi hospitali ya wilaya. Nikapasuliwa. Sasa nina mfuko ubavuni, choo kinatokea hapo. Mimi niliyekuwa nikiosha mikono mara mbili kabla ya kugusa unga. Wateja hawasemi kitu, wanasema tu leo hawahitaji mkate.

Daktari mpasuaji alikuja kitandani, macho yake kwenye karatasi. Ni saratani ya utumbo, imeshafika kwenye ini. Nikamuuliza kama itakatwa. Akasema ya tumboni imekatwa, ya ini wataituliza kwa dawa. Halafu akatikisa kichwa, akasema, "Mama, ungewahi."

Nilimtazama mpaka akainua macho. Nikamwambia, "Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha. Niliyapeleka mpaka getini, yakarudishwa." Akasema pole. Pole yake ilikuwa ya kweli, na hata hiyo ilinichefua, kwa sababu sikujua niiweke wapi.

Dada yako

*

8 Oktoba

Shikamoo dada yangu,

Nimelia kwenye chumba cha kubadilishia nguo na hakuna aliyeuliza, hapa kila mtu analia mahali pake. Nimeomba likizo nije. Wamenipa cheti cha ushujaa. Nimekitia kwenye ndoo ya taka yenye sindano na nimeomba likizo tena. Wakikataa, nitakuja bila ruhusa yao.

Huo mfuko nitakufundisha namna ya kuubadilisha usivuje. Usiuonee haya. Kula kidogo kidogo.

Mdogo wako

*

15 Novemba

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nimefurahi kwamba safari hii umekubaliwa likizo. Dawa zinanitoa nywele. Msusi analalamika kwamba namharibia biashara.

Nikupe habari. Kituo kimefunguliwa rasmi kwa wagonjwa wote, na wakafanya sherehe. Maturubai, vipaza sauti, mgeni rasmi. Walikuwa na uso wa kuja kuniomba niwaokee keki. Nikawaambia nitakuja bila keki.

Nilikaa mbele. Mgeni rasmi akasema, "Katika kipindi chote kigumu, hatukumwacha mtu yeyote nyuma." Mganga mkuu akaanzisha makofi. Nikasimama. Nilidhani nitapiga kelele, lakini sauti ilitoka ya kawaida. Nikasema, "Mimi mliniacha. Nilikuja hapa na damu, mkanitazama pua. Sasa nina mfuko tumboni na saratani kwenye ini." Nikainua blauzi nikawaonyesha mfuko. Watu waliziba pua, ingawa mfuko haukuwa unanuka. Nilikuwa nimeubadilisha asubuhi. Mwenye kipaza sauti akaongeza muziki. Mganga mkuu akanijia mbio akaninong'oneza, "Mama, unajidhalilisha."

Nikatoka. Nilitaka kufika nyumbani tu. Nikasikia mtu ananifuata, mke wa fundi baiskeli, yule mkimya. Akanishika mkono nyuma ya ukuta, akasema, "Na mimi ninatoka damu. Tangu shule zilipofungwa. Niliambiwa bawasiri." Nyuma yake kuna mwingine, hata simjui, ameshika titi lake juu ya nguo.

Tukarudi ndani ya kituo. Huko nje wanakunywa soda zao, sisi tukakaa kwenye benchi la chumba cha daktari. Mlinzi akaja akasema leo ni sherehe, hakuna huduma. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimeshakufa. Unanitisha na nini?" Akaenda kumwita daktari kijana, naye daktari akaja na kipande cha keki ya sherehe mkononi. Aliiweka chini, akanawa, akawapima wote wawili kwa mikono yake. Mke wa fundi amepewa rufaa. Yule mwingine anakwenda kupimwa wilayani Jumatatu, na nimemwahidi kwamba nitampeleka nikiweza kusimama.

Majibu yao bado. Yanaweza yakawa kama yangu. Hasira yangu haijaisha, usidhani. Nikikumbuka yale makofi mate yananijaa mdomoni.

Njoo upesi. Pitia mlango wa nyuma, hautafungwa, maana nikishalala sasa siwezi kuinuka kumfungulia mtu.

Dada yako