Mafuta ya Wifi Saida

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Babu yako hajambo, mama yako hajambo, shangazi yako na mapacha wake hawajambo. Mimi tu moyo hautulii.

Umesema jiko lako la mafuta linatoa moshi tu, nawe umemgombeza muuza mafuta. Hata mimi, mitumba ilipoingia Mtinko, nilimfokea wifi yangu Saida, aliyeuza mafuta ya taa sokoni: "Unatuuzia maji!"

Akaja nyumbani, akachomoa utambi mmoja wa jiko langu, akautia kiberiti. Ukajikunja kama plastiki. Tambi zile nilizikata mwenyewe kutoka sketi ya mtumba.

"Wifi, nailoni hainywi mafuta," akasema, akachana ukingo wa kanga yake ya pamba, akanitengenezea nyingine.

Sijamwomba radhi mpaka leo. Naona aibu.

Angalia tambi kwanza, mama, kisha niandikie upesi ulichokikuta. Wifi akisomewa barua yako, labda nitapata pa kuanzia kumwomba radhi.