Kontroboksi ya Lori la Sefu

Mjukuu wangu Somoe,

Salamu zikufikie hapo chuoni. Huku Likombe tu wazima. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini kugomba hajaacha. Umeniuliza fundi anajuaje kuwa gari limepona. Umemuuliza mwenyewe: mimi injini ikikohoa Tandahimba, naisikia nikiwa Mtwara na ugonjwa wake nakutajia.

Ujanani, dereva Sefu aliniletea lori limejaa korosho za kupeleka bandarini. Likipata moto, linazima. Nikapima nyaya zote, nikafungua kontroboksi, ule ubongo wa injini, nikakuta chumvi imeila. Nikafunga nyingine. Injini ikaunguruma vizuri, halafu ikashtuka mara moja tu. Nikanyamaza, maana watu walikuwa wananisifu.

Sefu akasema, "Kama limepona, fundi, panda tushuke wote Mikindani."

Nikapanda nikicheka. Tulipofika juu ya mteremko, nikaukumbuka ule mshtuko. Injini ikizima pale, usukani unakuwa mgumu kama jiwe, na kule chini niliwaona watu wanavuka barabara.

"Sefu, simama. Lilishtuka kule gereji, sikukwambia."

Akasimama, akanitazama. "Ungebaki gereji, ungesema?"

Nikashuka. Nikaifungua tena kontroboksi, nikakuta nati ya waya wake wa hasi sikuikaza.

Mpaka leo, mjukuu wangu, nikimaliza gari najiuliza hilo tu: mimi mwenyewe nitapanda?

Babu yako mdogo,
Fundi Issa