Besi Ukutani

Bagamoyo
18 Februari 2024

Kaka Shuaibu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Sisi hatujambo. Presha ya mama imetulia, ila hali chakula mpaka nimsimamie. Wewe huko Maskati, kifua kimepona?

Tangu tumzike baba nyumba imepoa. Watu wa matanga wamerudi makwao, mama yuko eda, nami nimerithi chumba chako na kompyuta yako. Nimetengeneza ngoma yangu ya kwanza. Naiambatisha, na usinicheke. Kwenye hedifoni ni tamu, nikiiweka kwenye simu utadhani inapigwa ndani ya pipa. Nimekosea wapi?

Mama anauliza utakuja lini.

Mdogo wako,
Nadhira

Maskati
25 Februari 2024

Mdogo wangu Nadhira,

Waaleikum salaam, marahaba. Kifua kimepona, alhamdulillahi. Mwambie mama ale.

Nimeisikiliza kitandani, wenzangu wakiwa kazini. Umeipika vizuri, ila besi umejaza mno. Hedifoni zinakudanganya: besi huisikii mwilini, basi unaongeza tu. Tena besi na kishindo cha ngoma vinagombea mlango mmoja. Kishindo kikipiga, besi ishuke kidogo ikipishe. Na mwishoni usikaze sauti mpaka juu, wimbo nao uvute pumzi.

Halafu ijaribu kwenye zile spika zangu za kupigia muziki harusini. Mama akikugongea ukuta kwa ndala, kama alivyokuwa akinigongea mimi, ujue besi bado imezidi.

Kaka yako,
Shuaibu

Bagamoyo
28 Aprili 2024

Kaka,

Assalaam aleikum, shikamoo. U mzima? Sisi wazima. Idi ilipita kimya. Nilipika biriani kwa mazoea, tukala wawili, ikabaki sufuria nzima.

Spika zako siwezi kuziwasha. Umesahau kwamba hii ni nyumba ya eda? Mama hajanikataza, lakini majirani watatusema, na mwenyewe naona haya. Nimezifunika shuka. Nafanya kila kitu kwa hedifoni, nimejifungia. Besi na kishindo nimevipishanisha, afadhali sasa. Ila nikivua hedifoni nyumba haina sauti hata moja, naogopa, nazivaa tena.

Swali la mama hukulijibu.

Mdogo wako,
Nadhira

Maskati
5 Mei 2024

Nadhira,

Waaleikum salaam, marahaba. Mimi mzima. Kweli nilisahau, nisamehe. Ukikaa mbali unaikumbuka nyumba kama ulivyoiacha.

Subiri eda iishe. Kwa sasa sikiliza kwa sauti ndogo kabisa. Kinachopotea kiinue, kinachobaki peke yake kishushe. Tafuta na wimbo wa mtu unaoupenda, uulinganishe na wako.

Huku kazini mizigo ni mingi ghalani. Nisalimie mama.

Kaka yako,
Shuaibu

Bagamoyo
12 Juni 2024

Kaka Shuaibu,

Assalaam aleikum, shikamoo. Natumai kifua hakijarudi. Mama ametoka eda salama, kina bibi walikuja wakamfukiza udi, wakaondoka.

Jana baada ya adhuhuri alijilaza. Nikazifunua spika zako, nikaiweka ngoma. Besi ilipoingia ukuta ulitetemeka, vikombe vya kabatini kwa mama vikaanza kulia, kama zamani ulipokuwa ukijaribu vyombo vyako kabla ya harusi. Nikasubiri ndala.

Hakugonga. Alifungua mlango, kichwa wazi, kanga hajaifunga vizuri. Hakunitazama mimi, alitazama kitanda chako. Akasema, "Shuaibu kaingia saa ngapi?"

Nikamwambia ni mimi, mama. Akakaa hapo kitandani, akasema niendelee tu.

Nimeipunguza besi kama ulivyonifundisha. Sasa ngoma ni safi, hata kwenye simu inasikika vizuri, na vikombe havilii tena. Mama kaniuliza mbona nimeipunguza.

Ya kuchanganya sauti nimeshayajua, kaka. Safari hii usinijibu habari za besi.

Mdogo wako,
Nadhira