Mlango Uliotazama Tanuri

Itigi,
9 Septemba 1975

Kwa kaka yangu Urbano,

Shikamoo kaka. Natumaini waraka huu utakukuta salama huko Morogoro, wewe na wifi Dorkas na watoto. Desturi inataka niseme na sisi huku ni wazima. Wazima tupo, ila ni uzima wa kukohoa. Tangu Juni upepo wa mashariki umeshika kazi yake, na tanuri la chokaa halizimwi, basi kila kinachotoka mle kinaletwa kwetu. Uji unapata vumbi kabla haujapoa. Kuku wangu wekundu wamekuwa weupe. Shuleni watoto wanachuruzika macho, mwalimu anawatoa wakanawe, na maji ndiyo hayo ya foleni.

Waliopima viwanja vya kijiji walikuja Januari. Mvua inanyesha, upepo umelala, moshi unapanda wima, wakaona mahali ni pazuri, karibu na stesheni, karibu na bomba. Hakuna aliyeuliza kiangazi pakoje. Sisi wenyeji tulijua tukanyamaza, maana siku zile ukifungua mdomo unaitwa mpinga maendeleo.

Kaka, kwa tanuri sikulaumu. Nakulaumu kwa mlango. Ulikuja likizo, ukasimama mkutanoni na suruali yako iliyonyooshwa pasi, ukasema nyumba zijipange mstari na milango yote itazame barabara. Wewe, uliyezaliwa ndani ya tembe. Unajua fika kwamba kwetu mlango hutazama magharibi, upepo ukapiga mgongo wa nyumba na waliomo wakalala. Barabara iko mashariki, na tanuri liko huko huko. Watu walimtazama mama wakingoja aseme neno, kwa kuwa ni mtu mzima na si mwoga. Akainamisha kichwa. Baadaye aliniambia hawezi kumbishia mwanawe mbele za watu. Akawa wa kwanza kuhama.

Kifua chake unakijua. Kufika Julai alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, khanga mdomoni. Nilitundika gunia mlangoni, upepo ukalichana. Mganga wa zahanati alimpa vidonge, akasema dawa yake hasa ni kutoka kwenye vumbi lile. Basi nikashika jembe, nikatoboa ukuta wa nyuma, na mlango wa mbele nikauziba kwa matofali ya udongo. Mama akalala chali kama watu wengine, nami nikafurahi sana. Kesho yake Antipasi, katibu wa kijiji, akaja na mgambo. Alisema mlango mmoja ukigeuzwa mstari wote unaharibika, na wageni wa mkoani wanakuja kuutazama mstari huo. Wakabomoa matofali yangu, wakaziba nilipotoboa. Antipasi nilimkasirikia kidogo, wewe zaidi.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Hapa kijijini nimesema mama amehamia kwako. Si kweli. Yuko mahameni, kwenye nyumba yetu ya zamani. Paa walilibomoa siku ya kuhamishwa, lakini chumba cha mbuzi kilisalia, na mlango wake unatazama machweo. Anakaa humo peke yake. Jumapili nikitoka kanisani napita njia ya kuni nikimpelekea maji na unga. Fisi wanapita jirani na mimi naogopa, lakini yeye anasema fisi humfukuza kwa kijinga cha moto, chokaa haifukuziki. Kikohozi kimepungua na anakula. Wakimgundua watamrudisha kwa lori, na sidhani kifua kile kitafika mvua za kwanza.

Antipasi anakuja huko kwenye semina ya chama mwisho wa mwezi huu. Ameniambia kwa furaha kabisa kwamba atapita kwako kumsalimu mama, na atamletea asali. Mwambie kwamba mama amekwenda Kilosa kwa wakwe zako, kuna mgonjwa. Mwambie na wifi aseme hivyo hivyo, na watoto wasiwepo sebuleni, maana mtoto hajui kuficha. Najua hupendi uongo, na Antipasi ni mwenzako katika chama. Lakini ulisema neno moja mbele za watu na mama akalitii, na wewe sasa sema hili moja kwa ajili yake. Asali ipokee.

Wasalimie wanao mmoja mmoja. Martina wa jirani anakusalimu, na mama anakusalimu sana, anakuombea kila siku. Habari ya mlango alinikataza nisikuandikie, eti utaona aibu. Nimekuandikia ili uione.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Redempta