Koko Constance na paja ya kuku

Adrienne, acha vyote, soma!! Koko Constance, nyanya yangu, ameniuwa na kicheko leo. Bakwe bangu bamekuja kuniposa, bamekaa tu, Fanta hata hazijafunguliwa, naye anaanza kuelezea ndoa yake ya 1963!!

Unajua ile wakati, kwetu Masisi, mwanamuke hakukuwa anakula kuku. Anaifuga, anaipika, kisha banaume njo banakula. Yeye, sombe, majani ya muhogo tu.

Sasa siku ya kwanza kupikia bakwe bake, koko anaweka kuku mbele ya papa-mukwe. Pahali pa kurudi jikoni, ANAKAA. Adrienne, anakaa!! Anasema: "Papa, mie nakulaka kuku. Kwetu nilikula kwa kujificha. Hapa sitajificha. Kama ni mubaya, munirudishe leo."

Munirudishe! Bibi-arusi wa juzi!

Bwana yake, koko Faustin, anainamia sahani sawa muntu anatafuta sindano. Papa-mukwe anaita bibi yake: "Unasikia maneno ya huyu mutoto?"

Mama-mukwe, ule mama mukali wote banaogopa, anatoka jikoni, anakaa karibu yake. "Nasikia. Constance, unipatie paja. Miaka yote nakula shingo nyuma ya nyumba, nimechoka."

Bakwe bangu banacheka mpaka machozi. Halafu koko ananigeukia: "Na weye, sema yako."

Adrienne, nilisimama. Nikasema: "Mie naendeshaka pikipiki ya taxi. Hata nikiolewa sitaiacha."

Mama-mukwe wangu akaweka Fanta chini: "Basi kaske ya pili ya kuvaa kichwani iko wapi? Miguu inaniuma, weye njo utanirudisha."