Muiri wa Kushoto

Jumatatu, 8 Julai 1974
Ukungu tangu asubuhi. Rangi ya mafuta haikauki. Nimeweka picha karibu na jiko, sasa inanuka moshi na tapentaini. Kijani kimekwisha, nachanganya njano na buluu. Sianzi kwa penseli. Naanza na giza, mkono unakwenda unakotaka, miti inakuja yenyewe. Kila mara ni msitu uleule wa kwetu Tetu: jiwe kubwa, na mti mmoja wa muiri kila upande wake. Ule wa kushoto hupata mwanga. Sijui kwa nini. Hii ni picha ya kumi na moja.

Jumatano, 10 Julai
Ngatia amekuja hapa Nyeri, kwenye chumba chetu. Shamba letu ni lake tangu ardhi ilipogawanywa upya nikiwa kizuizini. Simchukii. Nilijaribu, nikachoka. Ijumaa anakata msitu apande majani chai.
"Mzee, najua mtoto wako ako huko. Mimi siwezi panda chai juu ya mtoto. Kuja uonyeshe mti, huo nitaacha."
Akaitazama picha. "Hii iko na miti mingi kuliko shamba yangu."
Tulicheka kidogo.
Mti mmoja. Siku mbili.

Alhamisi, 11 Julai
Ukweli niuandike hapa. Sikumbuki.
Wangari alikufa kwa homa, miaka minne, enzi za mkoloni, tukiwa tumefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Askari alinipa nusu saa nivuke bonde nikamzike kwetu. Mvua. Nilichimba chini ya mmoja wa ile miiri miwili, macho kwenye udongo. Sikuweka alama. Mke wangu Nyambura hakuwepo. Wanawake walikuwa wamepelekwa kuchimba handaki.
Miaka yote hii hajaniuliza ni mti upi. Leo ameuliza.
"Baba Wangari, utaujua?"
Nikasema nitaujua.
Nimezipanga picha zote ukutani. Zote kumi na moja: wa kushoto. Mkono unakumbuka nisichokumbuka. Nimelia, nami si mtu wa kulia.

Ijumaa, 12 Julai
Tuliingia kwa lango la Ngatia, upande wa juu. Wakataji watatu, mashoka, msumeno mrefu. Jiwe lipo. Miiri ipo, imenenepa. Nikanyoosha fimbo: wa kushoto.
"Uko na hakika, mzee?"
"Nina hakika."
Akaufunga kitambaa chekundu. Nyambura alivua viatu, akaketi shinani, mgongo kwenye gome. Ule mwingine ulianguka saa sita. Tuliusikia miguuni.

Jumapili, 14 Julai
Nimepanda ng'ambo ya bonde, mahali kijiji kilipokuwa. Sasa ni uwanja wa shule. Nilitaka tu kuuona mti ukiwa peke yake, niuchore.
Jiwe lile. Mti, kulia kwake. Kushoto, shimo jekundu. Jana waling'oa visiki.
Nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi.
Picha zote nilizichora kama mtu aliyesimama huku. Kwa miaka miwili baada ya kumzika, kila asubuhi kabla ya kuhesabiwa, nilisimama kando ya handaki nikautazama mti wake. Kutoka huku. Kisha wakanichukua, na kizuizini nikasahau. Mkono haukusahau. Juzi niliingia kwa upande wa pili. Kushoto kwa aliyesimama langoni pa Ngatia ni kulia kwa aliyesimama hapa. Mtoto wa darasa la pili angelijua hilo. Mimi, na picha zangu kumi na moja, nilinyoosha fimbo.
Nilimwachia mwenye shoka mti wa mwanangu.

Jumatatu, 15 Julai
Sijamwambia Nyambura. Sijachora.

Alhamisi, 18 Julai
Nimekwenda kwa Ngatia peke yangu. Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama waliona kitu walipong'oa.
"Mizizi tu, mzee. Na udongo."
Shimo limefukiwa. Miche ya chai imepangwa kivulini, ikingoja.

Jumapili, 11 Agosti
Nyambura amepanda matoka, yale maua yetu ya mpakani, kuuzunguka mti. Yameshika. Kila Jumapili akitoka kanisani anakwenda kuongea na Wangari. Mimi nabeba maji. Anasema sasa analala vizuri.
Jana aliomba picha moja aitundike juu ya kitanda. Kabla ya kumpa nilihamisha mwanga. Sasa muiri wa kulia, ule uliobaki, ndio unaong'aa.
Njano bado mbichi. Nimemwambia asiiguse.